Presha, Chumvi na Miguu: Mwongozo Kamili wa Kujikinga na Ugonjwa wa Moyo na Kiharusi Hapa Nairobi

Watu wengi wakiamua kuutunza moyo huanza na nyama. Wanaapa kwamba kuanzia Jumatatu hawataki kuona choma, wananunua majani ya chai ya kijani, wanalipia jimu ya mtaani, halafu mwezi unaisha na mambo yanarudi yalivyokuwa. Mimi ningeanza kwingine kabisa: kwenye mkono, pale kitambaa cha mashine ya presha kinapofungwa.

Sababu ni hii. Mwaka 2016 watafiti wa INTERSTROKE, waliokuwa wamelinganisha wagonjwa wa kiharusi na watu wasio nacho katika nchi 32, walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kurekebishwa yanabeba takriban asilimia 90 ya hatari ya kiharusi. Presha ndiyo iliyotangulia orodha. Nyuma yake zikaja kukaa bila mazoezi, mafuta mabaya kwenye damu, lishe, unene wa kiuno, msongo wa mawazo, sigara, matatizo ya moyo wenyewe, pombe na kisukari. Moyo nao hushambuliwa na karibu maadui hao hao. Kwa hivyo hatua zilizo hapa chini nimezipanga kwa uzito. Ukiwa na nguvu za kufanya mbili tu, fanya mbili za kwanza.

Hatua ya 1: Ijue presha yako, na upimwe vizuri

Presha haiumi. Wapo wanaosema wao hujua ikipanda kwa sababu kichwa huanza kugonga, lakini mtu anaweza kuwa na 170/100 na bado akawahi matatu ya saa kumi na moja alfajiri, afanye kazi siku nzima na arudi nyumbani bila kuhisi chochote. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

Kupimwa si ghali. Zahanati ya serikali ya mtaa wako inapima, kemisti nyingi hupima kwa ada ndogo, na kambi za matibabu za makanisa na misikiti hupima bure. Halafu kuna wahudumu wa afya ya jamii wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Tangu Septemba 2023, serikali ilipowagawia vifaa, mkoba wao huwa na mashine ya presha na ya sukari. Kama hujawahi kumwona wako, muulize mwenyekiti wa Nyumba Kumi ni nani anayehudumia ploti yenu.

Tatizo ni namna tunavyopimwa. Mama anaingia kemisti akitoka juani, amepandisha kutoka steji na mfuko wa viazi. Kijana wa kaunta anamfungia kitambaa juu ya sweta. Mkono mmoja uko kwenye mashine, mwingine umeshika simu na anamwelekeza mtoto aliko funguo. Miguu inaning'inia kwenye stuli ndefu. Mashine inaandika 158/96 na anaambiwa ana presha. Huenda anayo, huenda hana. Kipimo hicho hakisemi lolote la kutegemewa.

Kipimo cha maana kinafanywa hivi. Nusu saa kabla yake usinywe chai wala kahawa na usivute sigara. Nenda haja ndogo kwanza, kwa sababu kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika tano, nyayo zikiwa sakafuni na miguu bila kupishana. Vua sweta au pandisha mkono wa nguo bila kuubana, kitambaa kikae kwenye ngozi. Mkono uegemee meza, usawa wa moyo. Usizungumze. Pima, subiri dakika moja, upime tena. Ukiwa kwa kemisti na mtu anakuharakisha, mwambie kwa upole, "Nipe dakika tano nipumzike kwanza." Hakuna atakayekufukuza.

Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapolegea. Chini ya 120/80 ni pazuri. Kuanzia 140/90, ikijirudia siku tofauti, ni presha ya juu na unahitaji daktari au afisa wa kliniki. Ukipima nyumbani, mstari huo unashuka hadi 135/85, maana nyumbani mwili umetulia. Ikiwa 180/120 au zaidi na una maumivu ya kifua, pumzi inakata, macho yanaona ukungu au upande mmoja wa mwili ni dhaifu, hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Ukinunua mashine, chukua ya mkono wa juu na uache ya kifundo. Hakikisha kitambaa kinakutosha, kwani kitambaa kidogo kwenye mkono mnene huongeza namba ambazo hazipo. Chama cha watu kumi kinaweza kununua moja na kuitumia kupimana kila kikao. Pesa za viburudisho za mkutano mmoja au miwili zinatosha kuanzia. Kila mtu awe na kijidaftari chake, aandike tarehe, saa na namba. Daktari akiona wiki mbili za namba za nyumbani anaamua vizuri zaidi kuliko kwa kipimo kimoja cha kliniki.

Sasa, ukiandikiwa dawa. Amlodipini, losatani na haidroklorothiazaidi ni dawa za kawaida, zimetumika miaka mingi na zipo za bei nafuu. Lile neno la mtaani kwamba "ukianza dawa za presha mwili unazizoea na huwezi kuacha" limewaweka watu wengi kitandani. Wengi huendelea nazo kwa sababu presha yenyewe haijaondoka, imeshikiliwa chini tu. Amlodipini ikikuvimbisha vifundo vya miguu, au enalaprili ikikuletea kikohozi kikavu kisichoisha, rudi ubadilishiwe. Usiache kimyakimya, na usimeze za jirani eti kwa kuwa zilimfaa.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha kwenye kaunta: vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, vile watu humeza kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti, vinaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Ukiwa na presha, uliza kuhusu parasetamoli, na uulize pia kwa nini mgongo hauponi.

Hatua ya 2: Punguza chumvi iliyo jikoni kwako kwanza

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Hesabu hiyo inajumlisha kila kitu: mkate, soseji, vibanzi, kile unachonyunyiza mezani.

Hakuna anayepima gramu akipika. Kwa hivyo fanya hivi: ukifungua pakiti mpya ya chumvi ya nusu kilo, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba ya watu wazima wanne inayokula gramu 5 kila mmoja ingeimaliza kwa siku 25, tena kama hawali chumvi yoyote nje ya hiyo pakiti. Ikiisha kwa wiki mbili, mnakaribia gramu 9 kwa kila mtu kabla ya kuhesabu mkate wala kibanda. Pakiti hiyo itakuambia ukweli kuliko mpishi yeyote.

Tazama sufuria ya sukuma ya jioni. Kitunguu kinakaangwa, nyanya zinaingia pamoja na chumvi kidogo ili zilainike. Kisha kidonge cha supu kinavunjwa humo, au unga wa mchuzi wa pakiti unakorogwa na maji. Sukuma inaingia, inaonjwa, na mkono unarudi tena kwenye kopo la chumvi. Hapo chumvi imeingia mara tatu, maana vidonge na unga huo ni chumvi kwa sehemu kubwa. Soma nyuma ya pakiti: chumvi huwa miongoni mwa viungo vya mwanzo.

Usiziondoe zote siku moja, nyumba nzima itakugomea. Wiki ya kwanza achana na kidonge au unga, ubaki na chumvi ya kawaida peke yake. Wiki ya pili acha kutia chumvi mwanzoni. Itie mwishoni ukiwa umeonja, kwa kijiko, si kwa vidole. Wiki ya tatu punguza robo ya kipimo hicho. Ladha itafutie kwingine: kitunguu saumu na tangawizi zilizopondwa, dania nyingi, hoho, pilipili, ndimu iliyokamuliwa baada ya moto kuzimwa. Ndengu na maharagwe yakitiwa hivyo hayahitaji kidonge. Ulimi huzoea baada ya wiki chache, na ukizoea utashangaa chakula cha watu wengine kilivyo cha chumvi. Kopo la chumvi litolewe mezani, hilo halina mjadala.

Nje ya nyumba ni vigumu zaidi kwa sababu sufuria si yako. Kwenye kibanda, agiza mapema: "Mama, yangu ya mayai usitie chumvi." Ukila mara kwa mara pale pale atakukumbuka. Vibanzi viombe kabla havijanyunyizwa. Kwenye mutura na nyama choma, mwenye kisu huweka kile kilima cha chumvi kwenye kona ya ubao. Mwambie akisogeze mbali na vipande vyako akuongezee kachumbari. Smokie na soseji ziko chumvi ndani kwa ndani, hapo hakuna ujanja ila kuzila mara chache. Kwenye vyakula vya pakiti vilivyoandikwa kiasi cha sodiamu, zidisha namba hiyo kwa 2.5 upate chumvi yenyewe.

Upande wa pili wa chumvi ni potasiamu, ambayo husaidia presha kushuka. Hii Nairobi imejaa nayo na haina matangazo: managu, terere, kunde, ndizi, viazi vitamu, maharagwe, ovakado. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayemeza dawa kama losatani au enalaprili, amwone daktari kabla ya kuongeza vyakula hivi au kutumia chumvi mbadala yenye potasiamu.

Hatua ya 3: Mafuta na sahani

Mafuta ya kupima yaliyo kwenye chupa kubwa dukani si dhambi yenyewe. Shida ni kumimina bila kipimo na kurudia mafuta yale yale. Ukipika, tumia kijiko cha mezani, hesabu. Mafuta ambayo yamekaanga mara nyingi, yamekuwa meusi na mazito, yamwage. Yale magumu yanayotengenezwa kwa kugandishwa kiwandani yapunguze kabisa, kwani yakigandishwa nusu huzaa aina ya mafuta ambayo huharibu mishipa ya damu kuliko nyingine zote. Chapati na mandazi ziwe za wikendi.

Sahani ijae mboga nusu yake. Robo iwe ugali au wali, na robo ibaki ya maharagwe, ndengu, omena, samaki, kuku au kipande cha nyama. Ugali wa unga wa posho mill usiokobolewa unashibisha zaidi na una nyuzinyuzi. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni chakula cha moyo, na nashangaa tunavyoiona ya shule. Sukari kwenye chai ipunguze kijiko nusu nusu. Soda ya chakula cha mchana ibadilishe na maji.

Hatua ya 4: Miguu

Kipimo cha chini ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ni nusu saa, siku tano.

Niseme jambo hapa. Anayetembea kila asubuhi kutoka Mukuru hadi Industrial Area na kurudi jioni ameshamaliza dakika zake, na mwongozo wa kumwambia "fanya mazoezi" ni wa kumtania. Yeye arudi hatua ya 1 na ya 2. Anayehitaji hatua hii ni yule anayetoka Rongai, Kitengela au Ruiru, akae saa mbili kwenye foleni, aketi ofisini saa nane, na akae tena saa mbili akirudi.

Kwako wewe, kata kipande cha safari. Matatu ya Thika Road ikikwama, shuka Ngara utembee hadi mjini; mara nyingi utafika kabla yake. Anayefanya kazi Upper Hill ashuke mjini apande mlima kwa miguu kupitia Haile Selassie, huo mlima ni mazoezi tosha. Saa ya chakula cha mchana tembea dakika ishirini kabla ya kuketi. Flati za Pipeline na Zimmerman nyingi hazina lifti, kwa hivyo wa ghorofa ya tano ana faida ambayo hakuiomba. Wikendi kuna Arboretum, na kuna Msitu wa Karura, ule Wangari Maathai alioupigania mwaka 1999 usinyakuliwe.

Usalama ni hoja ya kweli, hasa kwa wanawake na hasa giza likiingia. Tembeeni wawili au watatu, au hamisha mazoezi yafanyike mchana. Moshi nao huumiza mishipa ya damu, si mapafu peke yake. Epuka kutembea kando ya Jogoo Road saa ya foleni kama kuna njia ya ndani ya mtaa. Jiko la makaa lipikiwe nje au penye hewa.

Siku mbili kwa wiki tia nguvu misuli: inua jerikeni la lita 5, chuchumaa na kusimama mara kumi na tano, jisukume ukutani.

Hatua ya 5: Sigara, pombe, miraa

Hakuna idadi ndogo ya sigara iliyo salama, hata moja kwa siku. Habari njema ni kwamba mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo inashuka kwa takriban nusu. Shisha, iliyopigwa marufuku Kenya tangu Desemba 2017, na kuber zote ni tumbaku. Pombe hupandisha presha, na kunywa sana usiku mmoja kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Miraa na muguka huharakisha moyo na kupandisha presha. Mwenye presha ya juu aachane nazo.

Hatua ya 6: Kiuno, sukari, na wale wanaosahauliwa

Chukua kamba yenye urefu wako, ikunje katikati iwe nusu, izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Isipofika, una mafuta ya tumboni yanayohitaji kupungua. Hakuna haja ya mizani.

Sukari pima ukiwa hujala tangu usiku. Ikiwa 7.0 mmol/L au zaidi, na ikarudia siku nyingine, ni kisukari. Ukifika miaka 40, uliza pia kipimo cha mafuta kwenye damu. Kama kwenu kuna aliyepata kiharusi au mshtuko wa moyo akiwa kijana, usingoje 40.

Mwanamke aliyepandwa na presha akiwa mjamzito anabeba hatari zaidi hata miaka mingi baada ya kujifungua. Apimwe kila mwaka. Mtoto mwenye koo linalouma sana na homa, bila mafua, apelekwe kliniki: koo la bakteria lisipotibiwa linaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na antibiotiki kama penisilini huizuia.

Na aspirini. Kuna mtindo wa watu wazima wasio na ugonjwa wowote kumeza aspirini ndogo kila siku "kupunguza damu." Kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na tatizo la moyo wala kiharusi, hatari ya kutokwa damu tumboni au kichwani inaweza kuzidi faida. Usianze bila daktari.

Hatua ya 7: Usingizi

Lala kwa muda wa saa saba hadi nane. Najua anayeamka saa kumi alfajiri atacheka. Basi simu izimwe saa tatu usiku. Anayekoroma sana, akakata pumzi usingizini na kuamka amechoka, amweleze daktari, kwani hali hiyo hupandisha presha.

Hatua ya 8: Panga mapema utakavyofanya ikitokea

Kiharusi kina alama tatu za kupima papo hapo. Mwambie atabasamu: je, upande mmoja wa mdomo umeshuka? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Aseme sentensi fupi: je, maneno yanakwama au hayaeleweki? Moja tu inatosha, ondokeni. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, tena baada ya picha ya CT ya kichwa kuonyesha kwamba si mshipa uliopasuka. Ndiyo maana mgonjwa wa kiharusi hapewi aspirini nyumbani. Asipewe chakula wala maji, anaweza kusakamwa. Asichomwe vidole kwa sindano, asisuguliwe, asilazwe angojee asubuhi.

Mshtuko wa moyo huja kama kubanwa kifua, maumivu yakienda mkono, taya au mgongo, pamoja na jasho baridi na pumzi kukata. Wanawake na wenye kisukari wakati mwingine huhisi kichefuchefu na uchovu wa ghafla tu. Hapa, kama hana mzio wala hana dalili za kiharusi, atafune aspirini ya miligramu 300 mkielekea hospitali.

Namba ni 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Lakini ambulensi ikichelewa msiingoje mkitazamana. Kuweni na namba ya jirani mwenye gari au dereva wa teksi anayepokea simu usiku. Bodaboda haimfai mtu asiyeweza kukaa wima. Wiki hii, kabla hajaumwa mtu yeyote, ulizia ni hospitali gani iliyo karibu nawe yenye mashine ya CT inayofanya kazi saa 24. Iandike kwenye karatasi, uibandike nyuma ya mlango pamoja na majina ya dawa anazomeza kila mmoja nyumbani. Mkitoka, angalieni saa: swali la kwanza mtakaloulizwa mapokezi ni lini mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho.